Mafuta ya kunukia: Uadilifu si bei pekee, bali ni nani abebaye hatari

KATIKA maduka ya vipodozi jijini Nairobi, London au Paris, kichupa cha mafuta ya kunukia kisichozidi urefu wa kidole huuzwa kwa bei ghali. Aghalabu huwa kimebandikwa maneno ya kuvutia: kilimo-hai, biashara ya haki, zao la wakulima wadogo. Mnunuzi hulipa kwa moyo mkunjufu akiamini kuwa sehemu ya pesa zake itamfikia mkulima aliyeinamia jembe mahali fulani barani Afrika.

Si haki kudai kuwa maneno hayo yote ni hadaa. Zipo kampuni ambazo hulipa zaidi ya bei ya soko, hutia saini mikataba ya miaka kadhaa na kugharimia ukaguzi wa mashamba. Mkulima aliyezoea kuuza mahindi kwa bei ya kutupa ana sababu ya kuzipokea kwa mikono miwili.

Hata hivyo, lipo swali moja ambalo kibandiko hicho hakijibu. Soko likianguka, kampuni ikifilisika au kanuni zikibadilika ng'ambo, ni nani hubaki na hasara? Makala haya yanashikilia kwamba hilo ndilo swali la kwanza la uadilifu katika biashara hii, na kwamba wakulima wa Kenya wana kila sababu ya kuliuliza mapema, kabla ya kungojea wengine wawaulizie.

Miti yabaki, wenye duka wabadilika

Katika maeneo yaliyo chini ya Mlima Kenya, mamia ya wakulima wadogo walio katika chama cha Kenya Organic Oil Farmers Association, kwa kifupi KOOFA, wamekuwa wakipanda mti wenye asili yake nchini Australia uitwao kitaalamu Melaleuca alternifolia. Wengi huuita 'tea tree', ingawa hauna undugu wowote na majani chai ya Kericho. Sisi tutauita melaleuka.

Majani ya melaleuka huvunwa, yakatiwa kwenye mtambo na kupitishiwa mvuke, kisha mvuke huo hupozwa na mafuta kutengana na maji. Kilo 100 za majani mabichi hutoa takriban kilo moja au mbili za mafuta. Mafuta hayo hutumiwa katika sabuni, shampuu na dawa za chunusi.

Miongoni mwa wanunuzi waliotangaza fahari yao kwa kununua mafuta ya wakulima hao ni The Body Shop, kampuni iliyoanzishwa na Anita Roddick nchini Uingereza mnamo 1976 na ambayo tangu 1987 imekuwa na mpango wa kununua malighafi moja kwa moja kutoka kwa jamii za wazalishaji. Ni vigumu kutaja kampuni ya vipodozi iliyofanya mengi kuliko hiyo kuwazoesha wateja wa Ulaya wazo la kwamba sabuni ina mkulima nyuma yake.

Lakini tazama yaliyotokea dukani wakati miti ikiendelea kuchipua shambani. Mwaka wa 2006 kampuni hiyo ilinunuliwa na L'Oréal ya Ufaransa. Mwaka wa 2017 ikauzwa kwa Natura ya Brazil. Mwishoni mwa 2023 ikauzwa tena, mara hii kwa Aurelius, kampuni ya uwekezaji yenye chimbuko lake Ujerumani. Kabla ya majuma mengi kupita, mnamo Februari 2024, tawi lake la Uingereza liliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Baadhi ya maduka yalifungwa na mamia ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Mnamo Septemba mwaka huohuo ikapata mmiliki mwingine, kundi la Auréa.

Hata kampuni za katikati zinazosafisha na kusambaza mafuta hazikutulia. Earthoil, iliyohusika na biashara hii ya mafuta ya Kenya, ilikuwa mali ya Treatt ya Uingereza hadi 2018 ilipouzwa kwa Univar, kampuni kubwa ya kusambaza kemikali.

Hakuna uovu katika kuuza au kununua kampuni. Jambo la kuzingatia ni kwamba chini ya miaka 20 mwenye duka amebadilika mara nne, ilhali mkulima aliyepanda melaleuka hawezi kubadilika kwa kasi hiyo. Mti huu ni zao la miaka mingi. Ukikatwa huchipua na kuvunwa tena na tena. Anayeupanda huwa ametoa sehemu ya shamba ambayo ingemlisha viazi na maharagwe, akaiweka rehani kwa ahadi ya mtu asiyemfahamu.

Fauka ya hayo, kampuni inapofilisika, sheria hupanga foleni ya wadai. Benki na wengine wenye dhamana hulipwa kwanza. Aliyepeleka bidhaa na kuacha ankara hukaa mkiani, na mara nyingi hupata senti chache au asipate chochote. Mkulima mdogo hayumo hata katika foleni hiyo, kwa kuwa deni lake ni kwa chama, deni la chama ni kwa msafirishaji, na la msafirishaji ni kwa kampuni. Hasara ikianza juu huteremka ngazi kwa ngazi hadi impate yeye.

Mwenye kisu ndiye mla nyama

Ili kuelewa kwa nini mkulima wa mafuta ya kunukia hana nguvu katika meza ya mazungumzo, yafaa tuitazame hulka ya zao lenyewe.

Mwenye mahindi anaweza kuyaanika, kuyatia ghalani na kungojea bei ipande. Mwenye majani ya kunukia hana fursa hiyo. Yakishakatwa, majani huanza kupoteza ubora, na maua ni mabaya zaidi kwani sharti yaingie mtamboni siku iyo hiyo. Yakisha kuwa mafuta, mambo hugeuka: yakihifadhiwa vyema mbali na mwanga na joto, mafuta hukaa miezi mingi bila kuharibika, na tani nzima ya majani huweza kubebwa katika mtungi mmoja.

Kwa hivyo mtambo ndio mpaka kati ya udhaifu na nguvu. Upande mmoja yupo mtu mwenye bidhaa inayooza; upande wa pili yupo mwenye bidhaa inayoweza kungojea. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama, na katika biashara hii mtambo ndio kisu.

Vivyo hivyo kuhusu maabara. Ubora wa mafuta hupimwa kwa mashine zinazochanganua viambato vyake kimoja kimoja, na kwa melaleuka kuna viwango vya kimataifa vinavyotaja kiasi cha kila kiambato kinachotakikana. Mashine hizo ni ghali na huwa mikononi mwa mnunuzi. Mnunuzi akisema shehena haikufikia kiwango, mkulima hana mizani nyingine ya kumjibia.

Tatu ni cheti cha kilimo-hai. Katika mipango mingi ya kilimo cha mkataba, wakulima huacha dawa za viwandani na kujaza daftari za ukaguzi, lakini cheti huandikwa kwa jina la msafirishaji aliyelipia ukaguzi. Wakihama kwenda kwa mnunuzi mwingine, jasho lao lote la kilimo-hai hubaki nyuma, na zao lile lile huuzwa kama la kawaida.

Katika hili, Muungano wa Ulaya umefanya jambo la maana. Kanuni yake mpya ya kilimo-hai, nambari 2018/848, ilianza kutumika mwaka wa 2022, na vikundi vya nchi za nje vikapewa muda wa mpito. Kanuni hiyo inataka kikundi kinachopewa cheti kiwe cha wakulima wenyewe, kiwe kimesajiliwa kisheria, na kisizidi wanachama 2,000. Vyama vingi vimelalamika kuwa masharti haya ni mazito na gharama zake ni kubwa, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Lakini kwa mara ya kwanza cheti kinaelekea kwa mwenye shamba, na hilo ni tunda ambalo wakulima wa Kenya hawafai kuliacha lioze mtini.

Funzo kutoka kwa majirani

Kenya si ya kwanza kukabiliana na mambo haya. Visiwani Komoro, hasa Nzwani, maua ya mlangilangi yamekuwa yakichumwa kwa ajili ya watengenezaji wa manukato wa Ufaransa tangu enzi za ukoloni, na hadi leo ni moja ya mazao matatu makuu ya kuuzwa nje pamoja na vanila na karafuu. Wachumaji, wengi wao wakiwa wanawake, huingia mashambani alfajiri maua yakiwa bado na nguvu ya harufu.

Tofauti na maeneo mengine, mitambo mingi ya Nzwani ni midogo na imo mikononi mwa wenyeji. Hilo lingekuwa jibu kamili kwa hoja yetu, lau si kuni. Uchemshaji wa mlangilangi huweza kuchukua saa 24, na moto haufai kuzimika. Miti ya kisiwa kidogo chenye watu wengi imekatwa ili harufu isafiri hadi Ulaya, na ingawa kuna sababu nyingine za ukataji miti, wakazi wa Nzwani wameshuhudia mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima ikikauka. Bei ya mafuta haijawahi kujumuisha gharama ya mto uliokauka. Kumpa mkulima mtambo bila kumpa kuni za kupanda au mtambo usiokula kuni nyingi ni kumhamishia hatari nyingine.

Karibu nasi zaidi, Zanzibar ina historia ndefu ya mafuta ya karafuu. Makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, hupelekwa katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, ambako husarifiwa kuwa mafuta. Huko mtambo ni wa shirika la serikali, ZSTC, ambalo kwa miongo mingi lilikuwa mnunuzi pekee halali wa karafuu.

Je, serikali kushika kisu kulimwokoa mkulima? Wakazi wa pwani ya Kenya wanalo jibu. Kwa miaka mingi bei ya shirika hilo ilikuwa ya chini mno hivi kwamba karafuu zilivushwa usiku kwa majahazi hadi pwani ya Kenya, na magendo hayo yakawa ada. Ni mwaka wa 2011 ambapo serikali ya Zanzibar ilipandisha bei kwa kiwango kikubwa na kuahidi kumpa mkulima karibu asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na hapo kishawishi cha magendo kikapungua sana. Kwa maneno mengine, sera ya bei ya haki ilifaulu pale ambapo doria za miaka mingi zilishindwa.

Nchini Misri nako, ambako karibu nusu ya asumini ya dunia huzalishwa, uchunguzi wa shirika la habari la BBC uliotangazwa Mei 2024 ulionyesha watoto wakichuma maua usiku ambayo yaliingia katika mkondo wa bidhaa za kampuni mashuhuri za manukato. Kampuni hizo zilikuwa na maadili yaliyoandikwa vyema na wakaguzi waliolipwa. Lakini malipo kwa kilo ya maua yalikuwa madogo kiasi kwamba familia haikuweza kujikimu bila mikono ya watoto wake. Mkaguzi anayefika mchana kwa miadi hawezi kumwona mtoto anayechuma usiku wa manane.

Mifano hii mitatu haifanani, ila yote yanaonyesha jambo moja. Mtu wa chini kabisa ndiye aliyebeba kile ambacho bei haikukitaja: Komoro ni msitu, Zanzibar ilikuwa ni tofauti ya bei, Misri ni usingizi wa mtoto.

Hatari nyingine yatoka maabara

Wakulima wa melaleuka wana wasiwasi mwingine ambao haukutokana na ulafi wa yeyote. Mnamo Novemba 2023, kamati ya kutathmini hatari ya shirika la kemikali la Ulaya, ECHA, ilipendekeza mafuta ya melaleuka yaainishwe miongoni mwa vitu vinavyoweza kudhuru uwezo wa kuzaa, kwa kuzingatia majaribio yaliyofanyiwa wanyama. Wenye biashara walilipinga pendekezo hilo wakidai kuwa dozi walizopewa wanyama hao hazilingani na matumizi ya kawaida ya binadamu.

Hatuna haja ya kuamua hapa ni nani mwenye haki. Watumiaji wana haki ya kulindwa, na wanasayansi wana wajibu wa kusema wanachokiona. Lakini uainishaji wa aina hii unaweza kubana soko zima la vipodozi. Kiwanda cha Ulaya kitabadilisha resipe yake na kuendelea kuuza shampuu. Mkulima wa nusu ekari ya melaleuka atabadilisha nini, na kwa gharama ya nani?

Inasikitisha kwamba sheria zilizotarajiwa kuzibana kampuni kubwa kuhusu maswali kama haya zinalegezwa. Ufaransa ilitangulia mwaka wa 2017 kwa sheria inayozilazimu kampuni zake kubwa kuchunguza madhara yanayotokea kwa wanaoziuzia malighafi. Muungano wa Ulaya ukafuata kwa kupitisha agizo lake mwaka wa 2024. Lakini kabla ya kuanza kutumika, mwaka wa 2025 utekelezaji wake uliahirishwa, na shinikizo la kupunguza idadi ya kampuni zinazohusika likashika kasi. Anayengojea mwokozi kutoka Brussels atangoja sana.

Kivuli cha pareto

Wapo watakaosema kuwa lawama hizi ni za upande mmoja, nao wana hoja. Mtambo wa kisasa ni ghali, na vyama vya ushirika nchini vina historia ya kutia aibu. Mkulima wa kahawa hahitaji kuhadithiwa jinsi viongozi wa chama wanavyoweza kula fedha za wanachama. Wanunuzi nao hulalamika kuwa wanapotoa miche na mafunzo, wakulima huuza mavuno kwa dalali anayepita na noti mkononi. Mwenye kuwekeza naye ana hatari yake.

Ni kweli. Lakini hoja hiyo inahitaji kuwekwa kando ya pareto. Kuna wakati Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo la kuua wadudu, na nyanda za Molo, Nyandarua na Kisii zilijaa maua meupe. Kisha bodi iliyokuwa mnunuzi pekee ikaanza kuchelewesha malipo, miezi ikawa miaka, na wakulima wakang'oa pareto na kupanda viazi. Wanunuzi wa nje wakahamia Tasmania, nchini Australia. Sheria mpya ilitungwa mwaka wa 2013 na juhudi za kufufua zao hilo zimeendelea tangu hapo, lakini imani ya mkulima haifufuki kwa sheria. Katika kisa hicho si mkulima pekee aliyepoteza. Taifa zima lilipoteza soko.

Ndiyo maana kugawana hatari si sadaka. Mnunuzi anayetaka mafuta yenye ubora ule ule kwa miaka 20 anamhitaji mkulima asiyelazimika kung'oa miti kila soko linapoyumba.

Hatua za kuchukua

Kwanza, malipo. Mkataba wowote unaojiita wa haki ueleze kuwa sehemu ya fedha italipwa kabla ya mavuno na iliyobaki mara tu mafuta yanapopokewa, wala si siku 60 au 90 baadaye. Mkulima asigeuzwe kuwa benki ya kampuni isiyomlipa riba.

Pili, kuagana. Kwa zao la miaka mingi, mnunuzi anayetaka kuondoka atoe ilani ya kutosha kwa wakulima kutafuta soko jingine au kubadilisha shamba, hata kama kampuni yenyewe imeuzwa. Wajibu huo uandikwe kwamba unamfuata mmiliki mpya.

Tatu, mtambo na cheti. Vyama viwe na hisa katika mitambo hata kama ni kwa kulipia kidogo kidogo kila msimu, na cheti kiwe kwa jina la chama. Serikali za kaunti, ambazo hujenga masoko yanayobaki matupu, zingeweza kusaidia kwa mitambo isiyotumia kuni nyingi na kwa mikopo ya ukaguzi.

Nne, maabara. Matokeo ya kila shehena yakabidhiwe chama, na vyuo vikuu vyetu vyenye mashine hizo viwe mwamuzi panapozuka mzozo.

Tano, na hili ni la wakulima wenyewe: asitokee mtu wa kuwashawishi kufunika shamba lote kwa mmea mmoja wenye mnunuzi mmoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na aliye London au Paris si ndugu. Sehemu ya shamba ibaki kwa chakula, na chama kiwe na angalau wanunuzi wawili hata kama mmoja hununua kidogo.

Kuhusu msomaji anayenunua mafuta haya dukani, haitoshi kuuliza kama mkulima alilipwa vizuri. Na aulize pia kama mkulima huyo ana nakala ya mkataba, cheti kiko kwa jina la nani, na je, kampuni hii ikifunga milango kesho, atalipwa kwa mafuta aliyokwisha kuyapeleka? Kampuni inayoweza kujibu maswali hayo matatu kwa maandishi inastahili kuuza kwa bei ya juu. Isiyoweza inauza harufu tu.